Shajara ya mradi: besi, trebo na sebule ya bati hapa Nkuhungu, Dodoma

8 Juni 2024: vilivyopo

Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye amplifaya ya mtumba, spika mbili na sebule isiyo na dari, anayezungusha vitufe kila siku na sauti bado haimkai sikioni. Nitaongeza kila hatua ikiisha, na gharama zake.

Amplifaya ni ya Kijapani, ya mtumba, wati 40 kila upande. Niliipata kwa 150,000. Imetengenezwa kwa umeme wa volti 100, kwa hiyo nililazimika kuongeza 50,000 ya transfoma ya kushusha. Ukinunua ya Kijapani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka kwenye 230. Spika ni za boksi la mbao, kila moja ina wufa (spika ya sauti nzito) ya inchi 8 na twita (spika ndogo ya sauti za juu) moja, jozi 80,000. Chanzo cha sauti ni redio na simu.

Sebule ni mita 3.6 kwa 3.6. Matofali ya saruji, sakafu ya saruji, bati juu, pazia jepesi dirishani.

Mama amehamia kwetu kutoka Mpwapwa tangu Machi. Ana miaka 73. Anachotaka kwenye redio ni taarifa ya habari ya saa 2 usiku, na Jumapili nyimbo za Kigogo na kwaya. Jana usiku alisikiliza habari mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Baba, huyo msomaji mbona anaongea kama yuko ndani ya mtungi?" Mradi umeanzia hapo.

Amplifaya ina kitufe cha besi (sauti nzito za chini) na cha trebo (sauti nyembamba za juu). Kila kimoja kina ngazi 5 kwenda kulia, 5 kwenda kushoto, na katikati ni sifuri. Nikiandika "besi 3 juu" maana yake ngazi tatu kulia.

15 Juni: nimeanza kwa kuongeza

Sauti ilikuwa nyembamba, haina kifua. Nikapandisha besi ngazi 4. Haikutosha, nikaweka 5. Besi ilipokuja, maneno yakafifia, nikapandisha trebo 4. Hapo twita zikaanza kukwaruza kwenye herufi za "s". Mama akasema afadhali ya jana.

Nimeacha hivyo hivyo.

22 Juni: twita imeungua

Jana tulikuwa na wageni. Kijana mmoja akapandisha voliumu, besi ikiwa 5 na trebo 4 kama nilivyoiacha. Nusu saa baadaye spika ya kushoto ikawa butu. Nikaweka sikio kwenye twita: kimya kabisa. Kijana hana kosa. Kosa ni langu mimi niliyeacha vitufe pale.

Nimekaa na kitabu cha amplifaya nilichokipata mtandaoni, nikaelewa. Kitufe cha besi kikiwa 5 kinaongeza desibeli 10 kwenye hezi 100 (hezi ni mitetemo kwa sekunde; kadiri zilivyo chache ndivyo sauti ilivyo nzito). Desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Kama muziki ulihitaji wati 5 kwenye besi, sasa unadai 50, na mashine ina 40. Inaposhindwa, inakata vichwa vya mawimbi, na wimbi lililokatwa kichwa huzaa masafa ya juu ambayo hayakuwemo kwenye wimbo. Masafa hayo yanakimbilia twita, ambayo waya wake ni mwembamba kama unywele. Kwa hiyo besi ndiyo iliyounguza twita. Wengi tunadhani twita huungua kwa sababu ya trebo peke yake.

Twita mpya 12,000, fundi wa redio pale Sabasaba 5,000. Nilimwomba aweke yenye omu (ukinzani) zilezile 8 na arudishie kapasita ya zamani, ile inayozuia besi isifike kwenye twita, ambayo ni nzima.

6 Julai: waya

Hii ndiyo hatua iliyonifundisha kuliko zote, tena haikugharimu senti.

Baada ya kurudishia twita niliweka vitufe vyote sifuri, nikaahidi kutogusa kitu mpaka nijue kwa nini sauti haina kifua. Nikawasha redio, mtangazaji mmoja anaongea, nikakaa katikati ya spika mbili. Sauti ya mtu mmoja ilipaswa kunijia usoni, kutoka katikati. Haikuwa hivyo. Ilikuwa kama imejibandika kwenye masikio, haina mahali. Nikigeuza kichwa, inahama.

Nikachomoa waya wa spika ya kulia kabisa, ikabaki ya kushoto peke yake. Besi ikaongezeka. Spika moja ilikuwa na besi kuliko mbili! Nikajua.

Nilipozihamisha spika mwezi Mei nilitumia waya wa mapacha mweusi wote, hauna mstari. Upande mmoja nikaunga sawa, upande wa pili nikageuza chanya na hasi. Koni (ule utando wa spika unaotikisika) moja ikitoka nje, nyingine inaingia ndani. Hewa inayosukumwa na moja inafyonzwa na nyingine, na besi, ambayo mawimbi yake ni marefu, inafutika hewani kabla ya kukufikia. Hakuna kitufe cha besi kinachoweza kurudisha kinachofutwa hivyo. Mimi nilikuwa naongeza nguvu kwenye vitu viwili vinavyouana.

Namna ya kupima, kwa atakayetaka: chomoa waya zote kwenye amplifaya. Chukua betri ya volti 1.5, ya tochi. Gusisha ncha mbili za waya wa spika kwenye betri, mguso mfupi tu, huku mwenzako anaangalia koni. Ikiruka mbele, ncha iliyogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Ikirudi nyuma, ni kinyume. Mke wangu alishika tochi, mimi betri. Kushoto koni ilikuja mbele. Kulia ikaingia ndani. Tulirudia mara tatu maana sikutaka kuamini kwamba nimeunguza twita kwa ajili ya hili.

Nimegeuza. Mtangazaji akaja kukaa katikati, juu kidogo ya kabati la TV, mahali pake. Besi ikajaa chumba vitufe vyote vikiwa sifuri.

Baadaye nilinunua waya mwingine mita 10 wenye mstari mwekundu, 10,000, ili kosa hili lisijirudie.

14 Julai: sasa besi imezidi

Jumapili. Mama alikuwa kwenye kochi lake, lililogusa ukuta wa nyuma. Nikaweka nyimbo za Kigogo, wanawake wanapiga ngoma ya muheme. Nikadhani atafurahi. Akasikiliza dakika mbili, akaweka kiganja kifuani.

"Muheme haivumi hivyo," akasema. "Muheme inapiga, inanyamaza. Inapiga, inanyamaza. Hii yako inapiga halafu inavuta."

Mama alipiga muheme ujana wake, ngoma ikiwa imebanwa mapajani, kwa hiyo sikubishana. Nikasikiliza tena na kweli: kila pigo lilikuwa na mkia mzito unaofunika pigo linalofuata.

Nikapunguza besi 3. Mkia ukapungua, lakini pigo lenyewe likawa kama la debe. Nikarudisha.

Mkia ule ni wa chumba. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa mara mbili ya urefu wa chumba, yaani 7.2, unapata hezi 47 au 48. Hayo ndiyo masafa ambayo ukuta na ukuta vinarudishiana, na mara mbili yake, kama hezi 95, pia. Chumba changu ni mraba, kwa hiyo urefu na upana vinapandisha masafa yaleyale kwa pamoja. Na kitufe cha besi kinafanya kazi hasa karibu na hezi 100. Nikikiongeza naongeza mvumo, nikikipunguza naondoa na kisichokuwa na hatia.

Kosa la siku: nilitundika blanketi mbili nzito ukutani nikitegemea zimeze besi. Hazikumeza. Wimbi la hezi 48 lina urefu wa mita 7, blanketi ni sentimita moja. Zilichomeza ni sauti za juu tu, chumba kikawa butu na mvumo ukabaki palepale. Nimezirudisha kitandani.

Kilichofaa ni kuhamisha vitu. Spika zilikuwa kwenye kona, na kona huongeza besi kuliko mahali popote. Nilifanya hivi: nikaiweka spika moja juu ya kochi la Mama, pale pale anapokaa, nikapiga muheme, halafu nikatembea upande wa mbele wa chumba nimeinama, sikio kwenye kimo cha spika, nikitafuta mahali ambapo pigo linakatika vizuri. Palipokuwa pazuri nikaweka alama ya chaki, na spika zikaenda hapo: sentimita 60 kutoka ukuta wa nyuma yao, 85 kutoka ukuta wa pembeni. Kochi nikalivuta mbele sentimita 40. Mke wangu amelalamika njia ya kwenda jikoni imebana, na ni kweli imebana, tumekubaliana kuhamisha meza ndogo.

Chini ya kila spika nimeweka vipande vinne vya kandambili zilizokatika. Sakafu imeacha kutetema.

Mama: "Hapo sawa." Besi ikiwa 1 chini.

28 Julai: bati linaimba

Kulikuwa na mlio kama nyuki kwenye noti fulani za gitaa la besi. Nilidhani ni spika imepasuka, nikafungua boksi bure. Nikaweka programu kwenye simu inayotoa mlio wa masafa unayotaka, nikapanda polepole kutoka hezi 40. Ilipofika 82, bati likaitika juu ya mlango. Ukizima, linanyamaza.

Misumari ilikuwa imelegea. Upepo wa miezi hii hapa Dodoma unalinyanyua bati usiku kucha, na jua la mchana linalivuta. Kijana wa bati amepigilia upya na kuweka misumari yenye mpira: misumari na mipira 6,000, kazi 10,000. Kimya. Kabla ya kupunguza besi kwa sababu ya mlio, tembea chumbani na uweke mkono kwenye bati, vioo vya dirisha na mlango wa kabati.

11 Agosti: vitufe vyenyewe vinakwaruza

Tangu Julai, nikizungusha trebo inatoa *kraa kraa*, na wakati mwingine upande wa kulia unapotea mpaka nigonge. Ni vumbi. Anayekaa huku anajua: unafuta meza saa 2 asubuhi, saa 6 unaandika jina lako juu yake kwa kidole.

Nilifanya kosa. Nilinunua mafuta ya kupulizia ya kulegezea boliti, 7,000, nikapuliza ndani ya kitufe. Siku ya kwanza kikawa laini, hakuna mlio. Siku ya nne kikwaruzo kilirudi mara mbili ya mwanzo. Mafuta yale yanabaki kama utando, na utando unashika vumbi jipya. Ukikuna kwa ncha ya pini unatoka uji mweusi. Nusura niagize vitufe vipya.

Shemeji alikuwa anakuja kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni. Nikamwomba apite Kariakoo aniletee dawa ya kupulizia ya kusafishia swichi za umeme, ile inayokauka yenyewe bila kuacha mafuta. 15,000. Alikuja na treni mpya ya SGR, saa chache tu kutoka Dar, kopo likiwa mkobani.

Kazi yenyewe: chomoa umeme, ngoja nusu saa ili kapasita kubwa ziishiwe umeme zinaohifadhi, fungua kifuniko. Nyuma ya kila kitufe kuna kidude cha mviringo, mafundi wanakiita voliumu hata kama ni cha besi. Kina upenyo mdogo karibu na miguu yake mitatu. Ingiza mrija hapo, puliza kidogo, zungusha kutoka mwisho hadi mwisho mara 40. Kwa sababu ya mafuta yangu nilirudia mara tatu, nikifuta uchafu unaotoka kwa pamba. Nikaacha kifuniko wazi usiku mzima, nimefunika na kanga.

Kimya kabisa sasa. Amplifaya imehamia rafu ya juu, mbali na mlango, na mke wangu ameishonea kifuniko cha kitenge cha kuvaa ikizimwa tu. Ikiwa inafanya kazi lazima ipumue.

25 Agosti: Mama na maneno

Nimechelewa kufika kwenye jambo lililoanzisha yote, kwa sababu bila hatua za nyuma lisingewezekana.

Kwa mtu wa umri wa Mama masafa ya juu ndiyo yanayotangulia kwenda. Irabu zinabaki kubwa, konsonanti zinapotea. "Pesa" na "peka" yanafanana. Kuongeza voliumu kunaongeza irabu, na zinazidi kufunika konsonanti. Ndiyo maana ya ule mtungi.

Nilitaka kusogeza mbele sauti ya mtu, yaani katikati, na hakuna kitufe cha katikati. Vitufe vya aina hii vimejengwa juu ya mzunguko uliochapishwa na Mwingereza Peter Baxandall mwaka 1952: kimoja kinainamisha chini, kingine juu, na sehemu ya kati, karibu na hezi 1,000, haiguswi. Nilikuwa naona huo ni upungufu. Kumbe ndio msaada. Kama kati haiguswi, ukishusha pembeni, kati inabaki imesimama yenyewe. Kisha unapandisha voliumu kidogo kufidia.

Tulikaa usiku tatu mfululizo, saa 2, taarifa ya habari. Mimi kwenye vitufe, Mama kwenye kochi, tumekubaliana arudie kwa mdomo kila jina la mahali atakalolisikia. Besi sifuri, trebo 4: alisikia vizuri lakini baada ya dakika kumi akasema kichwa kinauma. Besi 3 chini, trebo sifuri: mtungi umeondoka, majina mawili yalimpita. Besi 4 chini, trebo 2 juu: alirudia yote, Chamwino, Bahi, Kondoa, Manyoni, hata jina la kijiji ambalo mimi mwenyewe sikulishika.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Nilidhani masikio yangu yamekwisha."

Sikuwa na la kumjibu. Nilikaa pale mpaka habari za michezo.

Kwa nyimbo ni tofauti. Kwenye ilimba, ala ya Kigogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kuna ule mvumo mwembamba unaofuata kila noti, kama mdudu anaruka karibu. Mpigaji ameuweka makusudi, ndiyo ladha ya ilimba. Trebo ikiwa chini ya sifuri mvumo unapotea na ilimba inabaki kama maji yanadondoka kwenye ndoo. Kwa hiyo nyimbo: besi 1 chini, trebo 1 juu.

Mke wangu ametoa rangi za kucha, nyekundu ya kwake na nyeupe tuliyonunua 1,500. Nukta nyekundu kwenye kila kitufe ni habari, nyeupe ni nyimbo. Hata mtoto wa darasa la pili anaweza kumwekea bibi yake.

8 Septemba: laudinesi

Nyongeza fupi. Usiku watoto wamelala, nasikiliza dansi kwa sauti ya chini, na besi inaonekana imekimbia. Haijakimbia. Sikio la binadamu ndilo linalopunguza kusikia besi sauti ikiwa ndogo. Fletcher na Munson walilipima hilo huko Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Kitufe cha laudinesi kipo kwa kazi hiyo: kinaongeza besi voliumu ikiwa chini. Kibonyeze usiku, kiachie mchana. Ukikisahau mchana na voliumu juu, unarudi kwenye entri ya 22 Juni. Na usikitumie kwa habari hata kidogo, kinamrudisha msomaji mtungini.

Gharama za marekebisho mpaka leo, bila vifaa: twita na fundi 17,000, waya 10,000, bati 16,000, mafuta yaliyoharibu 7,000, dawa 15,000, rangi 1,500. Jumla 66,500. Kama ningepima waya kwa betri mwezi Mei, twita isingeungua.

21 Desemba: mvua

Mvua kubwa ilianza jana saa 2 kasoro dakika tano. Kwenye bati lisilo na dari inaleta masafa yote kwa pamoja, ya chini na ya juu, na inakaa juu ya sauti ya mtu. Nilijaribu trebo 5: makelele mawili badala ya moja. Nilijaribu kushusha besi yote: hakuna tofauti. Voliumu nusu: twita zikaanza kulalamika, nikashusha haraka. Hakuna mahali pa kitufe panaposhinda mvua ya bati. Fundi amenipa makadirio ya dari ya jipsamu, 480,000 na kazi. Nitaandika ikishawekwa.

Tulizima, kisha umeme nao ukakatika, tukakaa gizani. Ulirudi saa 2 na nusu, mvua imepungua. Kabla sijanyanyuka Mama alikuwa ameshafika kwenye rafu. Akainama karibu, akatafuta nukta nyekundu kwa kidole, akazungusha besi, akazungusha trebo, akarudi kukaa.